Tangi la Kitsao Siku za Matanga

Simu ilipolia, Jumwa alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake, mtaa wa Shika Adabu, Likoni, mkono mmoja umezama hadi kiwiko ndani ya tangi la samaki la mumewe, mkono wa pili umeshika mpira wa maji. Mdomoni bado alikuwa na ladha ya tangi, kwa kuwa ndiyo kwanza anajifunza kuuvuta mpira kwa pumzi, na alikuwa amechelewa kuutoa. Hakuwa na shaka kwamba ni Kitsao. Tangu alazwe hospitalini, Kitsao alikuwa akipiga simu kutoka kitandani, si kuuliza hali ya nyumba bali hali ya maji.

"Umeshaanza?" alikuwa akiuliza. "Usitoe yote, Jumwa. Theluthi tu. Ukitoa yote umeua."

"Na wewe umekunywa dawa?"

"Dawa nimekunywa. Theluthi, umesikia?"

Basi safari hii Jumwa akaibana simu baina ya shavu na bega, akasema kabla ya salamu, "Natoa theluthi, baba Judy, usinipigie kelele."

Sauti ya mwanamke wa hospitali, ya upole mno, ikamwuliza kama yeye ndiye mke wa Kitsao, na kama kuna mtu yeyote karibu naye. Aulizwaye hivyo huwa ameshajibiwa. Kitsao alikuwa amefariki asubuhi ile akingojea uji. Moyo ulisimama, wakajaribu kuurudisha, Mungu akakataa.

Jumwa aliketi sakafuni. Mpira ukaponyoka kwenye ndoo, na kwa kuwa mpira haujui msiba, ukaendelea na kazi uliyotumwa. Maji yakatambaa chini ya kabati, yakalowesha mkeka, yakatoka kizingitini kwenda kutoa habari nje. Mwanakheri, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliposikia kilio alikuja mbio leso mkononi, akateleza tangu mlangoni hadi kwenye kochi, akafika ameketi.

"Innalillahi," akasema, akiangalia sakafu. "Mama Judy, shoga yangu, haya yote umelia wewe?"

Baadaye alikuwa akiapa wallahi kwamba aliuliza kwa dhati. Jumwa, aliyedhani kwamba hatacheka tena maisha yake, alicheka. Kisha akalia kweli, na Mwanakheri akalia pamoja naye, wote wawili wamekaa majini kama bata.

Ndivyo habari ilivyofika. Na ndivyo tangi lilivyobaki nusu.

Kitsao alikuwa mwana wa Kaloleni, aliyeteremka Likoni akiwa kijana mwembamba na kuzeekea hapo akiwa mzee wa tumbo. Maisha yake yote ya kazi aliendesha fokolifti kwenye ghala moja huko Changamwe, akiinua magunia na kuyashusha, na Jumapili alisimama mlangoni pa kanisa akiwapanga watu vitini kwa mkono uleule wa kupanga magunia: wanene ukutani, wembamba katikati. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi. Ila alipojaliwa lile tangi, Jumwa aliona afadhali angekuwa mlevi, kwani walevi hulala.

Tangi lilikuwa limetupwa ghalani, limepasuka pembeni. Kitsao aliliziba kwa gundi, akalileta nyumbani kwa mkokoteni, yeye mwenyewe amekaa juu ya mkokoteni amelikumbatia kama bwana harusi. Jumwa alidhani ameletewa kabati la vioo la kuuzia mahamri. Alipoona mchanga unaoshwa na majani yanapandwa humo ndani, tena kwa koleo la kung'olea nyusi zake, alijua mahamri yatabaki kwenye beseni.

Samaki wa kwanza walikufa. Wa pili nao. Walikuwa wadogo, wenye mikia ya rangi kama khanga mpya, na Kitsao aliwazika kila mmoja kwa maombi mafupi chini ya mpapai. Hakujua kosa lake ni lipi, maana hakuna aliyewapendea usafi kumzidi yeye: kila Jumamosi alimwaga maji yote, akausugua mchanga kama asuguavyo sufuria, akajaza upya maji ya kisima. Samaki wakafa wakiwa safi kabisa.

Alikuja kufunzwa na wafugaji wenzake kwenye simu, kundi la watu asiopata kuwaona, wenye subira ya Ayubu. Wakamweleza kwamba uchafu wa samaki na chakula kilichobaki huwa sumu, kwamba mchangani mna vijidudu visivyoonekana vinavyoipunguza ukali sumu hiyo hatua kwa hatua mpaka iwe naitreti, na kwamba naitreti ikiwa kidogo ni chakula cha majani, ikizidi hugeuka balaa: samaki hupungua nguvu, ukungu wa kijani hufunika kila kitu. Ndiyo maana maji hubadilishwa kidogo kidogo, ya zamani yaondoke na naitreti yake, vijidudu vibaki kazini.

"Kumbe kila Jumamosi nilikuwa nafukuza wafanyakazi wote," Kitsao alimwambia mkewe kwa huzuni kubwa. "Hata ghalani hatufanyi hivyo."

Akanunua vitone vya kupimia. Unatia maji kwenye kichupa, unadondosha, unatikisa, unangoja rangi: manjano ni heri, nyekundu ni shari. Akapima tangi, nyekundu. Kwa udadisi tu akapima na maji ya kisima, yale anayotumia kulisafishia tangi. Nyekundu zaidi! Alikaa kitako uani akivitazama vichupa viwili. Mtaa ule visima na vyoo vya shimo ni majirani wa siku nyingi, na majirani huombana vitu. Kitsao alikuwa akifua nguo kwa matope.

Tangu hapo akaweka mifereji ya mabati kuzunguka paa lote, na pipa la buluu la kukingia mvua, lenye mfuniko na jiwe juu ya mfuniko. Maji ya pipa lile hayakuguswa. Jumwa aliwahi kuchota kopo moja tu achemshie maharagwe, na Kitsao akala maharagwe yale kwa uso wa mtu anayekula jamaa yake. Na maji yaliyotolewa tangini alimwagia mchicha wa Mwanakheri, ukaota majani kama masikio ya ndovu, hata watu wakamshuku Mwanakheri kuwa ana dawa. Kanisani, siku ya ushuhuda, Kitsao alisimama akasema kwamba dhambi ni kama naitreti, haionekani wala hainuki, mpaka siku utakayokuta umeelea tumbo juu. Mchungaji alimshukuru, akamwomba aketi.

Huyo ndiye aliyekuwa amekufa. Hakuacha usia wa shamba wala wa mbuzi. Neno la mwisho alilomwambia mkewe lilikuwa "theluthi." Na Jumwa, aliyeligombeza tangi lile miaka nenda miaka rudi, sasa aliapa moyoni mbele za Mungu: mpaka baba Judy ashuke kaburini, hakuna samaki wake atakayefia mikononi mwangu. Vifo viwili nyumba moja, sitaweza.

Kuapa ni rahisi kabla ya wageni wa matanga kufika.

Walifika na turubai, viti na sufuria kubwa za kanisa. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa Mzee Gedion, mtu wa bara, mwema, mwenye sauti ya kipaza sauti hata asiposhika kipaza sauti. Jumwa alikuwa amefungiwa chumbani na akina mama, kwani mjane hafanyi kazi. Alipopata upenyo wa kutoka kwenda sebuleni siku iliyofuata, alikuta tangi limejaa hadi ukingoni.

"Mzee Gedion, nani amelijaza hili?"

"Ni mimi, mama, usijali kabisa. Niliona hawa samaki wamebaki na maji kidogo, nikaambia watu wajaze."

"Maji ya wapi?"

"Ya kisima, mama. Si maji ni maji?"

"Mzee Gedion," Jumwa alisema, "maji si maji."

Gedion alidhani ni uchungu wa kufiwa, akamwombea papo hapo, mkono kichwani.

Zaidi ya hayo, kila aliyeingia kutoa pole alipitia tangini. Mtu hawezi kula penye msiba huku viumbe vya marehemu vinamtumbulia macho. Huyu alitia tonge la ugali, huyu punje za pilau, yule kipande cha mkate uliochovywa chai. Mzee mmoja wa kwaya alitia firigisi. "Nao wamefiwa," alisema. Majani yaliyokuwa yakipepea kama bendera yakaanza kuvaa utelezi, na samaki wakapanda juu, midomo nje, wanahema kama watu waliopanda ngazi.

Jumwa akachukua kichupa, akatia vitone, akatikisa. Haikuhitaji kungoja. Ilikuwa nyekundu kama juisi ya maua ya rozela. Nyuma yake mama mmoja wa kanisa, aliyemwona mjane akitikisa kichupa na maji yakigeuka damu, aliangusha sinia na kuanza kukemea pepo kwa jina la Yesu. Wengine wakadakia. Jumwa ikambidi apaze sauti: "Si uganga! Ni ugali wenu!"

Akakimbilia uani penye pipa la buluu. Jiwe lilikuwa chini, mfuniko umesimamishwa ukutani, na ndani mlikuwa na kopo na mwangwi.

"Judy! Maji ya baba yako yako wapi?"

Bintiye, aliyekuja kutoka kwa mumewe huko Mkomani na tangu hapo hakubanduka jikoni, aliinua uso, macho mekundu kwa moshi. "Mama, maji ya kisima yaliharibu chai, ikawa na chumvi, watu wakatema. Mzee Gedion ndiye aliyeyaona haya."

Chini ya turubai watu walikuwa wakiisifu. "Chai ya msiba huu tamu," mmoja alisema, akiongeza kikombe. "Hata kwa kufa kwake Kitsao ametukirimu." Jumwa alitazama vikombe vikipanda na kushuka, akaiona mvua ya msimu mzima ikiteremka kooni mwa waumini. Na mawingu hayakuwepo. Ulikuwa ule mwezi wa jua ambapo hata kunguru huomba maji. Akarudi chumbani, akajifunika leso, akamwambia Mungu kwamba yeye hajui tena. Theluthi aliijua kwa jina. Namna yake hakuijua vizuri, kwani mara ile moja aliyojaribu simu ilimkatiza. Akikosea atawamaliza. Asipofanya kitu, watajimaliza.

Ndipo aliposikia mlio wa kengele ya baiskeli, na sauti ya mwanamume ikilia kwa nguvu kupita kiasi.

"Oooi! Kitsao amekufa! Afadhali! Sasa nitapumzika kushika ndoo!"

Alikuwa Munga, muuza madafu. Mbari yake na mbari ya Kitsao ni watani tangu enzi za mababu, na mtani Mgiriama ana kazi yake penye hanga, yaani matangani: huja kumtania maiti, kumwiga, kuwasumbua wafiwa mpaka wacheke wapende wasipende, wala hakasirikiwi. Mzee Gedion hakuyajua hayo. Aliona mlevi.

"Wewe bwana! Heshimu marehemu!"

"Nimheshimu kwa lipi? Mtu ameniangusha mapema namna hii! Nani atanitukana sasa, wewe?"

"Vijana, mtoeni huyu!"

"Muache, Mzee Gedion," Mwanakheri alisema kutoka barazani, bila kuacha kuchambua mchele. "Huyo ni mtani wake. Ukimfukuza yeye, ni kama umelifukuza jeneza."

Munga alikuwa ameshaingia ndani. Alipotoka tena kwenye mlango wa sebule, watu walishika vinywa. Alikuwa amevaa kizibao cha kazi cha Kitsao, kile cha manjano kinachometameta, miwani ya Kitsao imening'inia kwa uzi shingoni, na mto wa kochi ameushindilia chini ya kizibao kuwa tumbo. Akatembea hatua za Kitsao, miguu mbele na mwili ukifuata kwa wakati wake.

"Jumwa!" akaita, na ilikuwa sauti yenyewe hasa. "Jumwa we! Nani ametia mkono humu na mafuta ya nazi?"

Chumbani Jumwa aliinuka kabla hajajua kwamba ameinuka. "Abee," akaitika. Kicheko kikapasua turubai, na Jumwa akasimama mlangoni amejishika kifua, machozi na kicheko vinagombania uso mmoja.

"Njoo ushike ndoo, maana yule mpumbavu Munga hajafika. Mchelewaji yule! Na madafu yake makavu!" Munga akajitukana hivyo kwa muda, kwa uhodari. Kisha akarudi ndani, akaacha mlango wazi watu waone, akainama kwenye tangi. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa. "Kwanza," akasema, "tunazima umeme wa mashine ya kuzungusha maji, tusije tukaitwa mbinguni kabla ya wakati." Akazima. "Pili, mpira. Mpira hunyonywa hivi, kwa adabu, jicho likiangalia maji yanavyokuja." Akanyonya, akameza makusudi, akakohoa vilevile alivyokuwa akikohoa Kitsao, na mzee wa kwaya akaanguka kitini kwa kucheka. "Hunyonyi mchanga wote. Unapita juu juu, pale penye uchafu, kama mchungaji anavyopita kwenye mahubiri ya sadaka."

Jumwa alikuwa ameshika ndoo. Hakukumbuka alivyoishika. Aliuangalia mkono wa Munga, jinsi kidole gumba kilivyoziba mdomo wa mpira samaki alipokaribia, jinsi ulivyoacha mizizi ya majani, ulivyochota firigisi na punje za pilau na kupita. Munga hakuwa akibuni. Miaka mingi alikuwa akikamatwa kila alipopita na madafu, akishikishwa ndoo na kuhubiriwa, naye kila mara alikwenda zake akimwiga Kitsao njia nzima kwa ajili ya wateja. Hakukosa hata kikohozi.

Maji yalipofika kwenye alama ya gundi pembeni mwa kioo, Munga akaziba mpira na kuinua kidole. "Basi! Theluthi! Ukitoa yote?"

"Umeua," Jumwa akajibu.

"Leo theluthi, kesho theluthi. Hatufanyi kwa pupa. Haya, leteni maji ya mvua."

Judy akatazama chini. "Yameisha, mjomba. Tulipikia chai."

Munga akavua miwani polepole. Akageuka, tumbo la mto mbele, akawatazama waombolezaji mmoja mmoja, na vikombe vikaanza kushuka chini ya viti.

"Mmekunywa maji yangu?"

Akanyoosha kidole.

"Wewe mama, umekunywa?"

"Kikombe kimoja tu," mama wa kukemea pepo akasema.

"Na wewe, mkubwa, mwenye sauti?"

Mzee Gedion alisimama wima. Kwao bara alizoea matanga yenye ratiba. Lakini alikuwa mtu mkweli. "Mimi nilikunywa vinne," akasema. "Ilikuwa tamu."

"Basi nalala." Munga akajinyoosha pale kizingitini, mikono kifuani, macho yamefumbwa. "Mimi ndiye Kitsao. Nimekufa hapa. Hakuna atakayeingia kula, wala atakayetoka kwenda kwake, mpaka kila aliyekunywa alete maji matamu. Si ya kisima! Nayajua kwa ulimi, mnajua nilivyo."

Mtani akilala, huruki juu yake. Watu walicheka, wakangoja, wakaona haamki, na wali ulikuwa ukinukia huko ndani. Wa kwanza kuondoka alikuwa Gedion. Alirudi na mtungi begani kutoka kwenye tangi la mvua la kanisa, kanzu ya kwaya imelowa. Mwanakheri akafungua birika la kuhifadhia mvua la marehemu mamake, lililokuwa limefungwa kwa kufuli. Mama wa pepo akaleta chupa za maji ya kununua, zilizobaki kwenye arusi. Munga alionja kila chombo, akiwa amelala vilevile, akisema "heri" au "chumvi, rudisha." Mtu mmoja alirudishwa mara mbili, naye akakiri hadharani kwamba alijaribu kumpunja maiti.

Maji yalipotosha, Munga akainuka na kupisha njia, na Jumwa ndiye aliyeyatia. Aliweka sahani ndani ya tangi, akamimina juu ya sahani taratibu ili mchanga usichimbuke, maana hilo alikuwa amemwona Kitsao akilifanya mara nyingi akipita na ufagio, bila kujua kwamba anaona. Hakuna aliyecheka wakati akimimina. Gedion alishika mtungi kwa chini, akipumua kwa kujizuia, kama mtu aliyebeba mtoto wa ubatizo.

Kesho yake alitoa theluthi nyingine peke yake, mlango umefungwa, na Mwanakheri amekaa nje na mwiko kwa yeyote mwenye tonge la ziada. Kesho kutwa akafanya tena. Akapima. Kichupa kikawa rangi ya chungwa, kisha, asubuhi ya safari, kikawa karibu na manjano. Samaki walikuwa wamerudi chini, wanachungulia kwenye majani. Wote walikuwepo. Jumwa akavaa nguo yake nyeusi, akamkabidhi Mwanakheri ufunguo, akatoka.

Waliuchukua mwili mochari, wakapita njia ya Dongo Kundu, wakapanda kwenda Kaloleni. Jeneza liliwekwa uani kwa mamake Kitsao. Mchungaji alihubiri kwa kifupi kwa sababu ya jua. Mzee Gedion alisoma historia ya marehemu, akakosea jina la kijiji, akasahihishwa. Mjane alipoitwa aseme neno, Jumwa alisema, "Maji yake nimeyaacha mazima. Namrudisha kwa Mungu nikiwa sina deni naye." Hakusema lingine.

Munga alishuka kaburini kulipima kama ada ilivyo, akalala humo, akadai kuku, akapewa, akatoka. Alipotoka alikuwa analia, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Jeneza lilishushwa kwa kamba na wanaume wa ukoo. Walitia udongo mchungaji, kisha mamake, kisha Jumwa, kisha Judy. Wanaume wakashika majembe, kwaya ikaimba mpaka kaburi likajaa na kusawazishwa. Waliweka msalaba wa mbao na mashada mawili. Akina mama wakamshika Jumwa mkono, wakamwingiza ndani. Watu wakanawa mikono, wakala, na magari ya Mombasa yakaondoka jua likiwa bado liko juu.